Karamu ya Siku ya Kuzaliwa: Ilikotoka na Gharama Yake

Katika madarasa ya juu ya shule zetu za msingi, wanakosoma watoto wa miaka 9 hadi 12, limeenea jambo ambalo walimu wengi wameliona ingawa kurasa hizi hazijapata kulijadili. Nalo ni karamu ya siku ya kuzaliwa. Mtoto mmoja huletewa keki darasani, jina lake likiwa limeandikwa juu yake kwa sukari ya rangi. Wenzake hula, huimba na kupiga makofi. Juma la pili mwingine huletewa keki kubwa zaidi, pamoja na soda. Juma la tatu yule ambaye baba yake ni mchukuzi wa mizigo sokoni haonekani shuleni siku mbili, na arudipo husema aliugua. Hakuugua. Aliwaahidi wenzake kitu ambacho nyumbani kwao hakikuwezekana.

Wazazi wamegawanyika juu ya jambo hili. Wako wasemao kwamba ni desturi ya Wazungu, heri iachwe. Wako wasemao kwamba mtoto asiyefanyiwa karamu ananyimwa haki yake, na kwa hiyo hukopa. Pande zote mbili huichukua karamu hii kana kwamba ni kitu kikongwe kilichotufikia kikiwa kimekamilika, na keki yake, mishumaa yake, wimbo wake na bei yake. La hasha. Vitu hivyo viliungana polepole, kila kimoja kwa wakati wake na mahali pake, na aghalabu kilianza kikiwa cha bei ndogo au cha bure kabisa. Tena, kama tutakavyojaribu kuonyesha, aliyemtafutia mtoto siku yake ni shule. Duka lilikuja nyuma.

Hapo kale siku ya kuzaliwa ilikuwa ya wakubwa. Kitabu cha Mwanzo chamtaja Farao wa Misri aliyewaandalia watumishi wake wote karamu siku ya kuzaliwa kwake. Katika Injili twamkuta Herode akifanya vivyo hivyo, na sote twajua karamu ile ilimgharimu nani kichwa chake. Mgiriki Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aeleza kwamba Waajemi waliitukuza siku ya kuzaliwa kuliko siku nyingine zote. Asema kwamba matajiri wao siku hiyo waliandaa ng'ombe, farasi, ngamia au punda aliyeokwa mzima katika tanuri, na maskini wakaandaa wanyama wadogo. Basi mashindano ya karamu si mageni duniani. Lakini maneno hayo ya Herodotus yana upande wa pili usiotazamwa mara nyingi: yule maskini naye alikuwa na siku yake, na hakuna asemaye kwamba aliazima ngamia.

Warumi waliileta desturi hiyo majumbani. Siku ya kuzaliwa walitoa ubani na maandazi ya asali kwa roho waliyeamini kuwa humlinda mtu, kisha wakala pamoja na rafiki zao. Juu ya Warumi hao tunao ushahidi mdogo wenye kupendeza sana. Huko Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, palipokuwa na ngome ya askari wa Kirumi, ulichimbuliwa waraka ulioandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba vya mti, wapata mwaka 100 baada ya Kristo. Mwanamke aitwaye Claudia Severa, mke wa mkuu wa kikosi cha jirani, anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kuja siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 11 Septemba. Sehemu kubwa ya waraka iliandikwa na karani, lakini maneno ya mwisho ni ya mkono wa Claudia mwenyewe, na wataalamu huyahesabu miongoni mwa maandishi ya Kilatini ya zamani kabisa yajulikanayo kutoka katika mkono wa mwanamke. Hataji zawadi wala chakula. Anachotaka ni kwamba rafiki yake afike. Mwalimu afundishaye insha ya barua ya mwaliko hawezi kupata mfano bora kuliko huo.

Yafaa tukumbuke pia kwamba si watu wote walioipokea desturi hii. Origen, mwanachuoni wa Kikristo wa karne ya 3, alifundisha kwamba katika Maandiko hakuna mtakatifu aliyefanya karamu siku ya kuzaliwa kwake. Waliofanya ni kina Farao na Herode. Hata leo, katika madarasa yetu, wamo watoto Wakristo na Waislamu ambao wazazi wao hawaikubali karamu hii kwa sababu ya imani. Mwalimu hana budi kulijua hilo kabla hajaamuru darasa zima liimbe.

Mishumaa na keki vyatoka Ujerumani. Mwaka 1746 Count Zinzendorf, kiongozi wa kanisa la Moravian, alifanyiwa sherehe ya kuzaliwa ambayo mtu aliyekuwako ameielezea: keki ilikuwa kubwa kadiri ya tanuri lililopatikana, ikatobolewa matundu kwa hesabu ya miaka yake, na katika kila tundu ukasimamishwa mshumaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mshairi mashuhuri Goethe, akiwa mgeni wa mwana wa mfalme huko Gotha, naye aliletewa keki yenye mishumaa ipatayo hamsini. Goethe ameandika juu ya jambo hilo kwa mzaha kidogo, akikumbusha kwamba katika keki za watoto huachwa nafasi ya mishumaa ya miaka ijayo. Kwa maneno hayo twajua kwamba wakati ule watoto wa Kijerumani walikuwa tayari wana keki zao. Lakini lilikuwa jambo la nyumbani, la baba, mama na ndugu. Haikuwa sherehe ya kuwakusanya watoto thelathini wa rika moja. Hao thelathini walikuwa bado hawajakusanywa mahali pamoja.

Hapa ndipo tunapoingia sisi walimu. Mwanahistoria wa Marekani, Howard Chudacoff, katika kitabu alichokitoa mwaka 1989 juu ya historia ya umri nchini humo, ameonyesha kwamba kabla ya katikati ya karne ya 19 watu wengi hawakuujali sana umri wao halisi. Shule ya kijijini ilikuwa chumba kimoja, na humo mtoto wa miaka sita alikaa pamoja na kijana wa miaka kumi na sita. Mtu alipimwa kwa kazi aiwezayo. Kisha zikaja shule za mijini zilizowagawa watoto katika madarasa kwa kufuata umri, utaratibu ambao Wamarekani waliuiga kwa Waprusia. Kuanzia hapo mtoto alianza kuishi kutwa kucha kati ya wenzake wa umri mmoja, akijilinganisha nao: nani ametimiza miaka kumi, nani bado, nani amechelewa. Siku ya kuzaliwa ikapata maana mpya, na wageni wake wakawa wanafunzi wenzake badala ya shangazi na babu. Daftari la mahudhurio, lile tunaloliandika kila mwaka pasipo kulifikiria, limechangia sherehe hii kuliko keki yoyote.

Wimbo wake nao umetoka darasani. Katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, walikuwako dada wawili, Mildred Hill na Patty Hill. Mildred alikuwa mwanamuziki. Patty alifundisha watoto wadogo wa chekechea, na baadaye akawa profesa wa elimu katika Chuo Kikuu cha Columbia huko New York. Mwaka 1893 walichapisha kitabu cha nyimbo za chekechea, na wimbo mmoja ndani yake ulikuwa wa kuamkiana asubuhi darasani. Walimu watafahamu kazi waliyoifanya dada hao: walijaribu sauti kwa watoto, wakaona ni ngumu, wakairahisisha, mpaka ikawa mtoto mdogo kabisa aweza kuiimba bila kukosea. Kwa kuwa ilikuwa rahisi hivyo, watu waliibadilishia maneno wakaifanya ya siku ya kuzaliwa, na maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuchapishwa pamoja na sauti hiyo ifikapo mwaka 1912.

Kilichofuata chastahili kusimuliwa. Mwaka 1935 kampuni moja iliandikisha haki ya wimbo huo wa siku ya kuzaliwa. Haki ikauzwa kutoka mkono hadi mkono, na kwa miaka mingi kila aliyetaka kuutia katika filamu au tamthilia ya biashara alitakiwa kulipa. Mwaka 2013 mtengenezaji filamu mmoja wa Marekani, aliyekuwa ametozwa dola 1,500, alikwenda mahakamani. Mwaka 2015 jaji aliamua kwamba kampuni ile haikuwa na haki halali juu ya maneno ya wimbo huo, na mwaka 2016 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya kurudisha dola milioni 14 kwa waliolipa. Hivyo ndivyo salamu ya asubuhi ya mwalimu wa chekechea ilivyokuwa mali ya watu kwa miaka themanini. Keki nayo ilipita njia hiyohiyo, ila hakuna jaji aliyeiamulia.

Turudi sasa kwetu Uganda na kwa majirani. Wazee wetu hawakuwa na tarehe, lakini isidhaniwe kwamba hawakuwa na kumbukumbu. Mtu alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au wa nzige, au kabla ya daraja kujengwa. Tena kumbukumbu nyingine ilitiwa katika jina. Katika jamii ya Wajaluo, na kwa ndugu zao Wajopadhola wa Tororo, Okoth ni mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Othieno, au Otieno kwa Wajaluo, ni wa usiku. Pwani, ilikokulia lugha hii tuifundishayo, kuna Juma, Hamisi, Ramadhani na Shabani. Mtoto wa namna hiyo hatajiwi kuzaliwa kwake mara moja kwa mwaka. Hutajiwa kila aitwapo kuja kula.

Karamu pia ilikuwako, lakini ilifanywa mara moja, wakati mtoto alipokaribishwa katika ukoo. Waislamu wa pwani, na wa kwetu pia, hufanya akika siku ya saba: mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike, na nyama hugawiwa jamaa na maskini. Asiye na uwezo hakulazimishwa. Katika Buganda palikuwa na sherehe ya kuwaingiza watoto katika ukoo, iitwayo kwalula abaana, ambayo John Roscoe ameielezea katika kitabu chake cha mwaka 1911. Hapo kila mama alileta kitovu kikavu cha mwanawe alichokihifadhi, kikatiwa katika chombo chenye maji ili kuthibitisha uzawa wake, kisha babu akatoa majina. Angalia jambo moja: watoto wengi walitimiziwa pamoja kwa siku moja. Hakuna aliyechinja peke yake.

Mfano mzuri kupita yote, kwa kadiri tuonavyo, ni wa Rwanda. Mtoto afikishapo siku ya nane hufanyiwa kwita izina, yaani kupewa jina, na waalikwa wakuu wa siku hiyo ni watoto wa jirani. Hupewa majembe wakalime kidogo, kama mchezo na kama kazi. Kisha huitwa, hunawa, wakala pamoja chakula walichoandaliwa, na baada ya kula kila mmoja humtolea mchanga jina analolipenda. Jina la baba ndilo hushika, lakini kila mtoto amesikilizwa. Chakula ni kile cha shambani. Zawadi ya mgeni ni neno moja tu, nalo hulitafuta kichwani mwake.

Tarehe zilikuja na dini, shule na serikali. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877 na wale wa Kikatoliki mwaka 1879, na madaftari ya ubatizo yakaanza kuandikwa. Fomu za shule zikafuata. Wengi wasiojua siku yao waliandikiwa tarehe 1 Januari, na ndiyo maana katika daftari zetu za zamani siku hiyo ina watu wengi kuliko iwezekanavyo kwa maumbile. Sukari nayo ilikuwa adimu mpaka viwanda vilipojengwa: cha Lugazi mwaka 1924, cha Kakira mwaka 1930. Chai tamu na maandazi ya ngano vikawa ndiyo ishara ya sikukuu. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, viwanda vilidhoofika na sukari ikawa ya kupangiwa foleni. Wazee wetu husimulia kwamba sherehe za watoto hazikukoma miaka ile. Waliandaliwa ndizi mbivu na miwa. Keki ya duka la mikate, yenye jina la mtoto juu yake, imeenea katika miji yetu baada ya hapo.

Twaweza kutua kidogo kwenye maneno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yetu. Wanafunzi husema "bethidei", na sisi huwasahihisha kwa "siku ya kuzaliwa". Jina Maulidi, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kuzaliwa, limebaki kwa mazazi ya Mtume, nasi hatulitumii kwa mtoto wa darasa la tano. "Karamu" imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya ukarimu. "Sherehe", kwa upande wake, ina maana mbili ambazo wanafunzi wetu hufurahi kuzigundua: ni shangwe, na pia ni maelezo ya maneno magumu yawekwayo mwishoni mwa diwani ya mashairi.

Sasa hesabu. Tangu elimu ya msingi kwa wote ilipoanzishwa mwaka 1997, darasa la watoto 80 si ajabu. Keki moja ikikatwa vipande 80 kila mtoto hupata cha ukubwa wa kidole gumba, na bei yake ni ileile. Lakini kilo 2 za unga wa ulezi hutoa lita 20 za uji wa kunywa, usio mzito, nazo ni vikombe 80 vya robo lita. Kilo moja ya sukari hutosha kuutia utamu. Katika darasa la watoto 80, sita au saba hivi huwa wamezaliwa mwezi mmoja. Jamaa zao saba wakichanga unga na sukari hiyo, hakuna atakayeuza kuku. Mwenye uwezo akitaka kuongeza, na aongeze kabalagala au karanga katika chungu kilekile, bila jina lake kutajwa. Jambo hilo la mwisho ni gumu kwa wazazi wengine, na mwalimu mkuu ndiye anayefaa kulisema mapema, katika mkutano wa wazazi, siyo mwalimu wa darasa mlangoni.

Kwa mzazi apendaye kufanya nyumbani, wageni wanane au kumi watosha. Mtoto wa miaka kumi na mmoja si mtoto wa kupambiwa vibofu. Anataka kuwa mwenye karamu. Mpeni fedha iliyopo, hata ikiwa ndogo, akae na kalamu apige hesabu yake. Kilo ya unga wa ngano hutoa zaidi ya maandazi ishirini, na watoto wa umri huo waweza kuyakanda na kuyakata wenyewe, mtu mzima akisimamia mafuta ya moto. Gonja za kuchoma hazina haja ya mpishi. Michezo hainunuliwi: kuna omweso, kuna kukimbia ndani ya magunia, kuna kwepena, ambayo jina lake linakaribiana na kitenzi chetu "kukwepa". Na kila mgeni aje na kitendawili kimoja ambacho hakijasikiwa darasani. Sharti hilo tumeliona likiwatoa jasho watoto kuliko mtihani. Huwaendea bibi zao siku tatu kabla. Barua za mwaliko waziandike kwa mkono, kwa Kiswahili, zenye siku, saa, mahali na saa ya kurudi nyumbani. Hiyo saa ya kurudi nyumbani wazazi huipenda sana.

Wanaozaliwa Desemba na Januari huangukia likizo, basi huunganishwa na wa Novemba na Februari. Baki ni wale wasio na tarehe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, wasema katika kifungu cha 7 kwamba mtoto aandikishwe mara tu azaliwapo. Hata hivyo katika kila darasa tunao wachache ambao mama zao hukumbuka tu kwamba yalikuwa mavuno ya mtama. Hao huachiwa wachague mwezi wao wenyewe kwenye karatasi ya ukutani. Hawachagui mwezi wa mavuno, wala Desemba ya sikukuu. Wengi huandika jina lao chini ya jina la rafiki yao.